Ngiri: kisu cha daktari au chupa ya habat soda?

Kila sifa njema inamstahikia Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na Maswahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, ukitoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa, iwe Kariakoo, Magomeni, Temeke au Mbagala, hukosi kuiona ile meza. Juu yake kuna chupa za mafuta ya habat soda, asali, mafuta ya zaituni, miski na misiwaki. Pembeni kuna karatasi iliyotolewa fotokopi ikiwa na orodha ndefu ya maradhi: presha, kisukari, vidonda vya tumbo, jini mahaba, nguvu za kiume. Na ngiri nayo haikosekani.

Sina ugomvi na meza hiyo kwa ujumla wake. Wapo wauzaji wakweli, na riziki ya halali haina aibu. Ninalotaka kulizungumza ni hilo neno moja tu katika orodha, ngiri, kwa sababu limeambatana na swali ambalo masheikh wetu wanaulizwa mara kwa mara: "Daktari ameniambia nipasuliwe, lakini ndugu zangu wananiambia tiba ya Mtume (s.a.w.) inatosha. Nikikubali kisu, je, nitakuwa nimepungukiwa na tawakkul?" Swali likifika hapo si la tumbo tena, limekuwa la imani. Muislamu anayeamini kuwa kwenda hospitali ni udhaifu wa dini yake atavumilia uvimbe wake miaka mingi huku akiona anafanya ibada.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia kitu gani. Mitaani kwetu neno ngiri limebeba mizigo mingi. Mwanamume akiumwa kiuno, ngiri. Tumbo likinguruma chini ya kitovu, ngiri. Akishindwa tendo la ndoa, ngiri. Pwani wengine huchanganya ngiri na busha, na yote wakayaita mshipa. Mchanganyiko huu ndio unaompa mwuza dawa uwanja mpana, kwani mtu aliyekuwa na gesi tumboni akinywa dawa na gesi ikatulia, atatoka akitangaza kuwa amepona ngiri. Naye hatakuwa ameongopa. Ni kwamba hakuwa nayo.

Ngiri ambayo madaktari huiita henia ni jambo la kimaumbile. Allah (s.w.) ameliumba tumbo likiwa na ukuta wa misuli unaoshikilia utumbo ndani. Ukuta huo una sehemu ambazo ni dhaifu zaidi kuliko nyingine. Kwa mwanamume sehemu mashuhuri ni kinena, mahali ambapo mishipa inayokwenda kwenye korodani hupita. Nyingine ni kitovu, na mahali palipowahi kupasuliwa zamani. Sehemu hiyo ikilegea au kutanuka, mafuta ya tumboni au kipande cha utumbo hupenya na kutokeza chini ya ngozi. Ndiyo maana uvimbe wa henia mara nyingi huonekana mtu akisimama, akikohoa au akinyanyua gunia, na hurudi ndani akilala chali. Busha ni kitu kingine kabisa: ni maji yaliyokusanyika katika mfuko wa korodani, na hayarudi tumboni kwa kulala. Huku kwetu pwani mengi ya mabusha hutokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu.

Sasa mtu ajiulize. Kanzu yako ikifumuka mshono ubavuni, utaipaka marashi? Utaifukiza udi? Itanukia vizuri sana, lakini ubavu utabaki wazi. Henia ya mtu mzima ni mshono uliofumuka. Hakuna asali, mzizi, mafuta wala zoezi linaloziba tundu hilo, na hata vidonge vya hospitali haviwezi. Watu husahau hili la mwisho. Daktari hakuchagua kisu kwa kuwa anadharau miti shamba. Angekuwa na kidonge cha kuziba henia angekitoa. Ule mkanda unaofungwa kinenani nao huzuia tu, hauponyi.

Hapa ndugu yetu wa kwenye meza atasema: je, Mtume (s.a.w.) hakusema kuwa habat soda ni ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti? Naam, Hadith hiyo ipo katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, na hatuikanushi. Lakini wanazuoni hawakuisoma kwa jicho la biashara. Al-Khattabi, mmoja wa mafaqihi wakubwa waliosherehesha Hadith, alieleza kuwa tamko hilo ni la jumla lakini lililokusudiwa ni mahususi, yaani maradhi ambayo tabia ya mmea huo inayafaa. Katika lugha ya Kiarabu jambo hili si geni. Qur-an yenyewe inatueleza kuhusu upepo ulioteketeza kila kitu kwa kina Aad (46:25), kisha aya hiyo hiyo inasema kuwa maskani yao yalibaki yakionekana. Na kuhusu asali, Allah (s.w.) anatujulisha katika Surat Nahl (16:69) kwamba ndani yake mna ponyo kwa watu. Hakusema kuwa kila ponyo limo ndani yake.

Wanaoleta dalili za tiba ya Sunna husahau kwamba ukataji nao umo katika Sunna. Hijama yenyewe ni nini kama si kuchana ngozi kwa wembe? Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Ubayy bin Kaab alipougua, Mtume (s.a.w.) alimpelekea tabibu, naye akaukata mshipa wake kisha akauchoma moto. Tuzingatie vizuri. Ubayy ni bingwa wa Qur-an miongoni mwa Maswahaba, Mtume (s.a.w.) yupo hai, Wahyi unashuka, na habat soda na asali zipo Madina. Pamoja na hayo akapelekewa tabibu mwenye chombo cha kukatia. Saad bin Muadh (r.a.) alipopigwa mshale mkononi katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w.) mwenyewe ndiye aliyemchoma kidonda kuzuia damu, kilipovimba akamchoma tena. Na hii ni juu ya kuwa katika Hadith nyingine hakupendelea umma wake ujichome moto. Wanazuoni wakaliunganisha hilo kwa kusema: isipokuwepo haja huchukiza, ikiwepo haja hufanywa.

Saad mwingine, bin Abi Waqqas, alipoumwa moyo alielekezwa na Mtume (s.a.w.) aende kwa Harith bin Kalada wa Thaqif kwa sababu alikuwa mtu anayejua utabibu. Imepokewa na Abu Daud. Hiyo ndiyo Sunna tuliyoisahau, kumpeleka mgonjwa kwa anayeijua kazi.

Waislamu waliokuja baadaye waliifahamu vyema. Abul Qasim Az-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki karibu mwaka 1013, aliandika kitabu cha utabibu, At-Tasrif, chenye sehemu 30, na sehemu ya mwisho yote akaiweka kwa ajili ya upasuaji. Humo amechora vyombo vyake kimoja kimoja na ameieleza henia na namna ya kuishughulikia kwa moto na kwa kisu. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na Wazungu wakakisoma kwa karne nyingi. Inasikitisha kuona mjukuu wa Az-Zahrawi leo anaambiwa kuwa upasuaji ni mambo ya makafiri.

Az-Zahrawi huyo huyo anasimulia kwamba alimwona tabibu mjinga akimkata mwanamke uvimbe wa shingoni bila kuijua mishipa, damu ikatoka mpaka mwanamke yule akafa mbele yake. Alikuwa akiwaonya wapasuaji wenzake. Lakini onyo hilo linamhusu kila anayegusa mwili wa mtu, awe na koti jeupe au kanzu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayejifanya tabibu na hali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Mafaqihi wakaijengea Hadith hiyo hukumu za fidia. Basi anayemwambia mwenye henia "usiende kupasuliwa, chukua dozi hii ya siku 40" ameshaingia katika dhamana hiyo, hata kama bei yake ni ndogo na nia yake ni nzuri.

Kuna kisa ambacho laiti kingesomwa mbele ya kila meza ya dawa. Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba walikuwa safarini, mtu mmoja akapigwa na jiwe likampasua kichwa, kisha usiku akaota na kuwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika kwa ukali usio wa kawaida yake, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Waliompa fatwa ile hawakuwa waovu. Walikuwa watu wa swala, wenye hamasa ya dini, waliodhani kuwa lililo gumu zaidi ndilo lililo karibu zaidi na Allah. Kama ni nia, walikuwa nayo.

Lakini haki isemwe pande zote. Si kila henia ni ya kukimbilia chumba cha upasuaji leo. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Marekani ya Kaskazini uliofuatilia wanaume 720 wenye henia za kinena zisizowasumbua sana. Baadhi walipasuliwa mapema, wengine wakaachwa wakiangaliwa. Ilionekana kuwa kusubiri kulikuwa salama, na waliopatwa na hatari ya ghafla walikuwa wachache mno. Hata hivyo, ndani ya miaka miwili karibu robo ya waliosubiri waliomba wenyewe wapasuliwe, hasa kwa maumivu, na walipofuatiliwa hadi miaka 10 ilikadiriwa kuwa 68 katika kila 100 wameishia kwenye kisu. Kwa hiyo mtu ambaye uvimbe wake ni mdogo, haumuumi, unarudi wenyewe, na daktari ameuona na kumwambia anaweza kungoja, hana dhambi kungoja. Angalia tu kuwa wale walikuwa wakisubiri karibu na hospitali, wakijua dalili za hatari. Anayeishi mbali na hospitali ya upasuaji, au baharia anayekaa wiki nzima kwenye jahazi, hesabu yake ni nyingine.

Na katika kusubiri huko ndipo tiba za asili zinapopata nafasi yake ya haki. Kufunga choo na kujikamua chooni huongeza shinikizo tumboni, basi mboga, matunda, tini, maji ya kutosha na asali kwa anayefaidika nayo ni msaada. Kikohozi kisichokwisha kitibiwe. Sigara iachwe, nayo ilipaswa kuachwa zamani. Kitambi kipunguzwe. Mzee anayejikamua kukojoa achunguzwe tezi dume. Yote haya hupunguza usumbufu lakini hayazibi tundu.

Yasiyofaa kabisa ni haya: kukandwa uvimbe kwa nguvu, kuchanjwa chale juu yake, kupigwa hijama juu yake, na kunywa dawa kali za kuharisha. Chini ya ngozi ile huenda ukawepo utumbo. Wembe haujui tofauti. Hirizi ya kiunoni sitaizungumzia, hukumu yake inajulikana.

Kila mwenye henia, na mkewe, na wanawe wakubwa, wajue dalili zinazobatilisha mjadala wote huu. Uvimbe uliokuwa ukirudi umegoma kurudi, umekuwa mgumu na unauma sana, mtu anatapika, hapati choo wala hatoi upepo, au ngozi ya juu imebadilika rangi. Maana yake utumbo umebanwa na huenda damu haiufikii. Utumbo usiopata damu huoza katika muda wa saa chache, ukitoboka uchafu humwagika tumboni, na hapo mtu yuko karibu na kaburi. Hali hiyo haingoji kupambazuke, haingoji mjomba atoke Tanga kuja kutoa rai, na haina dozi. Ni kutafuta gari na kwenda hospitali.

Wanawake wasidhani haya ni ya wanaume peke yao. Upo uvimbe wa juu ya paja, chini kidogo ya kinena, ambao huwapata wao zaidi, nao hubana utumbo kwa wepesi kuliko ile ya kawaida. Wengi huuficha kwa haya. Kwa watoto mambo ni mawili tofauti: kitovu kilichotokeza kwa mtoto mchanga mara nyingi hufunga chenyewe kabla hajafika umri wa kuanza shule, wala hakihitaji kubandikwa sarafu kama wanavyofanya bibi zetu. Lakini henia ya kinena kwa mtoto haifungi yenyewe, na kwa mchanga hubana haraka. Huyo apelekwe kwa mpasuaji mapema.

Sasa turudi kwenye hukumu. Wapo wanaotoa hoja ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa, ambaye Mtume (s.a.w.) alimpa hiari ya kusubiri na kupata Pepo au kuombewa apone, naye akachagua subira. Hadith ni sahihi na ndiyo iliyowafanya wanazuoni wengi wasema kuwa kujitibu kwa asili yake si wajibu. Lakini hawakuishia hapo. Majmaa al-Fiqh al-Islami, baraza la wanazuoni lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha saba mwaka 1992 lilipambanua kuwa hukumu ya tiba hubadilika kwa hali. Huwa wajibu ikiwa kuiacha kutaleta kifo, kupotea kiungo au ulemavu, au ikiwa maradhi yataambukiza wengine. Huwa sunna ikiwa kuiacha kutaudhoofisha mwili bila kufikia hapo. Huwa mubaha nje ya hali hizo, na huwa makruhu ikiwa inahofiwa tiba italeta madhara makubwa kuliko maradhi yenyewe. Tukiipima henia kwa mizani hiyo: iliyobana ni wajibu bila ubishi. Inayomzuia mtu kazi na ibada iko katika lililopendekezwa. Ndogo iliyotulia ni hiari ya mwenyewe baada ya kumsikiliza daktari. Yule mwanamke alichagua kuvumilia maradhi yake. Hakuchagua kuiacha familia yake bila mlezi kwa kitu ambacho mpasuaji angekishona. Na Surat Baqara (2:195) imetukataza kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi.

Kuhusu tawakkul, Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kuwa wanaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Mbegu ya habat soda ni kadari, na uzi wa mpasuaji ni kadari. Kumsomea mgonjwa Fatiha kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji ni Sunna, wala haigombani na ganzi.

Najua kuwa nyuma ya hoja za dini mara nyingi ipo hofu tu, na hofu haifai kudharauliwa. Kuna hofu ya nusukaputi. Henia nyingi za kinena hufanywa kwa ganzi ya mgongoni au ya mahali pale pale, mtu yuko macho na anaweza kuleta dhikri. Kuna hofu ya uanaume. Ni kweli kisu hupita karibu na mishipa ya korodani, na kuidhuru hutokea kwa nadra. Muulize daktari waziwazi, ni haki yako. Kuna wanaobaki na maumivu ya kinena kwa muda mrefu, kiasi cha mmoja katika kila 10 kwa viwango tofauti, na kuna wachache ambao henia hurudi. Daktari asiyekueleza haya hajakutendea haki, kama vile mwuza mafuta asiyekuambia kuwa hayazibi. Na kuna haya ya awra. Sharia imeruhusu kufunua kwa tabibu kadiri ya haja, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke inapowezekana, na isipowezekana haja huwa na hukumu yake.

Imebaki fedha. Hapa wapo watu ambao si wajinga wala waoga, hawana tu. Mpagazi wa sokoni akilala wiki kadhaa bila kubeba, watoto watakula nini? Upasuaji wenyewe unaweza kuwa wa gharama nafuu. Kule Kamuli, mashariki mwa Uganda, wanaume 302 walipasuliwa henia, nusu wakiwekewa wavu wa kiwandani unaouzwa ghali, nusu wavu wa kitambaa cha chandarua uliotakaswa vizuri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionesha kuwa baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Kwa hiyo kinachomshinda mpagazi si wavu tu. Ni nauli, kitanda, na zile siku za kulala. Sisi ambao kadi za michango ya harusi zinatufikia kila mwisho wa mwezi, na tunachanga kwa ajili ya ukumbi na keki, hatukosi cha kumpelekea jirani wa safu ya pili msikitini aliyepangiwa upasuaji. Kamati za misikiti zina orodha ya wanaostahiki zaka. Mgonjwa fakiri yumo.

Nimalizie kwa masuala ya ibada, maana yanaulizwa. Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na bawasiri akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala, akaambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Imo katika Bukhari. Aliyetoka kupasuliwa kinena asijilazimishe kurukuu na kusujudu kwa maumivu, aashirie kwa kichwa akiwa amekaa, mpaka atakapopata nguvu. Funga ya Ramadhani atailipa siku nyingine kwa ruhusa iliyomo katika Surat Baqara (2:184-185). Udhu wake ni wa kawaida, kwani bandeji ya kinena haiko kwenye viungo vya udhu. Akipatwa na janaba kabla kidonda hakijakauka, asilowanishe bandeji. Aoshe sehemu nyingine zote za mwili, apake maji juu ya bandeji ikiwa haimdhuru, na atayamamu.

Wallahu aalam.